Mdogo wangu, usikope ununue boti

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mbweni aliniandikia: "Shikamoo dada. Nataka kukopa ninunue boti ya faiba na mashine yake, unanishaurije?" Nilimjibu kwa kifupi kwamba asikope. Lakini najua mko wengi wenye hamu hiyo hiyo. Nani aliyekulia pwani hataki siku moja aitwe tajiri wa boti? Basi ngoja nieleze.

Mimi ni mtoto wa Kunduchi Pwani, Dar es Salaam. Baba alikuwa mvuvi wa madema, ile mitego ya kusuka. Alitega kwenye matumbawe upande wa kisiwa cha Mbudya, na akirudi alikuwa na changu, tasi na pono wa kula, wa kugawia majirani na wa kuuza. Mimi nilipoanza na beseni langu na karai la kukaangia, hali ilikuwa imeshageuka. Changu wakawa saizi ya kiganja. Fungu moja likawa linagombaniwa na wanunuzi kibao. Wanaume wa mtaani kwetu wakawa wanakwenda dago, yaani kambi za uvuvi za mbali, Mafia na Kilwa, wanaacha familia miezi mizima, na vijana waliobaki wakakimbilia bodaboda. Leo mama lishe wa Kunduchi, mbele ya bahari, anakaanga vibua vya boksi vilivyoletwa na meli kutoka nje ya nchi.

Wapo wanaosema bahari imelogwa. Haijalogwa. Kabla Sultan Majid wa Zanzibar hajaanza kujenga Dar es Salaam miaka ya 1860, hapa palikuwa na kijiji cha wavuvi kinaitwa Mzizima. Sensa ya 2022 imehesabu watu zaidi ya milioni 5.3 katika mkoa huu, na wote wanataka kitoweo. Juu ya hapo zimekuja nyavu za makokoro, zinazokomba majani ya bahari pamoja na vifaranga vya samaki, mikoko imekatwa, na kuna uvuvi wa baruti. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi tangu 1975, lakini mabomu tuliyasikia miaka mingi baada ya hapo. Bomu linaua samaki wa siku moja na kuvunja tumbawe ambalo wajukuu zetu ndio watakaoliona likisimama tena.

Hilo la bomu lina historia na mimi. Asubuhi moja tajiri mmoja alishusha changu wengi mnadani. Nikampasua mmoja: damu imevilia tumboni, nyama imeachana na uti, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Nikasema mbele ya watu, samaki hawa ni wa bomu, sinunui. Beseni langu likasukumwa pembeni, mnada ukaendelea. Tangu siku ile nikitaja bei dalali hanisikii. Nilikuwa na mtoto mgongoni, na wanawake niliosoma nao madrasa walikuwa wamesimama pale pale, wakainama kuangalia mabeseni yao. Mpaka leo sijasahau.

Nikahamia kwenye dagaa mchele. Hao wanavuliwa kwa taa wakati wa giza la mwezi. Mbalamwezi ikitoka, kazi inasimama. Wengi walikuwa wanaanika mchangani. Mimi nikachemsha kwa maji ya chumvi, nikaanika juu ya chanja. Dagaa wa chanja hawana mchanga, na mteja akishawala hao hataki tena wengine. Likaja jokofu, wakaja wateja wa WhatsApp wa Tegeta na Goba. Leo nimejenga, watoto wanasoma, sidaiwi na mtu. Na mabaharia wa yule tajiri wananipigia simu mimi kwanza boti ikikaribia diko, pale samaki wanaposhushwa.

Ndiyo maana nasema pesa yako iweke kwa samaki aliyekwisha fika nchi kavu. Ukiwa na boti, mafuta unachoma upate usipate, mabaharia wanataka mgao wao, na rejesho la mkopo haliulizi kama ni msimu wa upepo wa kusi au wa kaskazi. Nimeona watu waaminifu kabisa wakibanwa na deni hadi wakanunua nyavu za macho madogo. Nunua barafu. Ukipata faida, nunua barafu zaidi. Samaki wachache waliotunzwa vizuri wanakulipa kuliko ndoo tele zilizokaa juani. Weka usafi, shika wateja wako, usiwadanganye.

Na sisi wanunuzi tujiangalie jamani. Tunalalamika samaki hakuna, halafu tunanunua changu wa kiganja kwa sababu ni bei rahisi. Tunajua kabisa huyu ni wa bomu, tunafumba macho, tunakaanga. Mvuvi haleti kitu kisichonunuliwa! Mpasue samaki kabla hujatoa pesa, na ukiona damu imevilia, mrudishe, hata kama watakununia.

Kijana wa Mbweni, kama bado moyo wako uko majini, ingia kwanza ubaharia kwenye boti ya mtu, uonje kusi na kaskazi yote. Kaa na viongozi wa BMU, kikundi cha kusimamia uvuvi, wa diko lenu, uliza halmashauri kuhusu leseni, ujue nyavu zipi zinaruhusiwa. Ukiona bado unaitaka boti, nunua kwa akiba yako. Na ukiamua kuanza na jokofu, niandikie tena, nitakuelekeza fundi anayenitengenezea langu.