Umaizi si uzoefu: neno lililoninyima kazi

Juzi usiku kijana mmoja wa Nachingwea ameniandikia: "Shikamoo kaka. Nataka kuwa mtangazaji. Nipe siri ya maneno mazito kama yako. Halafu umaizi ndiyo nini, na neno lenyewe limetoka wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Neno hilo uliloliulizia mwishoni liliwahi kuninyima kazi.

Miaka kadhaa nyuma niliomba utangazaji katika kituo kimoja cha redio hapa Mtwara. Barua niliiandika upya mara nne, kila mara nikitoa neno jepesi na kuweka zito. Mstari wa pili ukasomeka: "Nina umaizi wa miaka 3 katika kusherehesha harusi." Nilikuwa nimelisikia kwenye hotuba, likanipendeza, nikaamini ni uzoefu kwa lugha ya wakubwa. Siku ya usaili, mzee mmoja aliyekaa pembeni aliisoma sentensi ile kwa sauti, akavua miwani. "Kijana, umaizi wa miaka 3 unapimwaje?" Wenzake wakaangua kicheko. Nikataka kujitetea, ulimi ukagoma. Sikuitwa tena. Hadi leo nikipita mtaa ule moyo hunidunda.

Nikarudi kijijini kwetu, jirani na Mikindani. Msimu wa korosho ulikuwa umeanza. Mama alikuwa uani, amekaa kwenye mkeka, anachambua. Zilizokomaa anatupa kulia. Zilizopigwa na mvua zikaota madoa meusi, kushoto. Mkono wake haukusita hata mara moja. Nikaokota moja ya kushoto, imeng'aa vizuri tu, nikairudisha kulia. Mama akaitoa, akaniwekea kiganjani pamoja na nyingine. Ilikuwa nyepesi. Akaipasua kwa kisu: kiini kimesinyaa, chembamba kama ukucha. Akaendelea na kazi yake.

Jioni nilikwenda kwa maalimu aliyenisomesha madrasa, nikamweleza aibu yangu yote. Hakunicheka. Alichukua kijiti akaandika mchangani: mim, ya, zai. Akasema kwa Kiarabu *mayyaza* ni kupambanua, kutenga kitu na kitu. Mtoto aliyefikia kupambanua la faida na la madhara, akiwa na miaka 7 hivi, huitwa *mumayyiz*. Na ile *mumtaz* tuliyokuwa tukiililia kwenye matokeo ya madrasa ni ya shina hilohilo: aliyetengwa na wenzake kwa ubora. Sisi Waswahili tukapata *maizi*, yaani kutambua, kung'amua. Kisha umaizi, wepesi wa kulitambua jambo kwa undani. Unasema: "Alimaizi mapema kwamba mgeni ana lake jambo." Huwezi kusema umaizi wa miaka 3.

Nilikuwa nimekaa pale mchangani, lakini mawazo yangu yalikuwa uani kwa mama.

Tangu siku ile sijalala na neno nisilolijua. Busara nikaikuta kwenye shina la kuona, lilelile la *Basiri*, Mwenye kuona, katika majina ya Mwenyezi Mungu. Hekima nikaikuta ni ndugu wa hukumu na hakimu. Leo kituo kingine kinanipa kipindi cha lugha kila Jumamosi, na wazee wa Lindi hunipigia simu kuuliza maana za maneno. Nimelifanyia kazi jambo hili, na sioni haya kujivunia.

Kwa hiyo siri unayoitaka ni hii: usiseme neno kabla ya kulijua. Fungua kamusi. Waulize wazee. Ukishauliza, fungua kamusi tena. Vijana wa siku hizi mnapenda neno kwa mlio wake, mnalibandika popote, na wasikilizaji wanawapigia makofi kwa sababu nao hawalijui. Mnaiumiza lugha, ndugu zangu! Neno zito mahali pasipo pake ni kama korosho ile ya kushoto. Ukiwa na uzoefu, sema uzoefu. Ni neno zuri, halina kasoro yoyote.

Barua yangu ya maombi bado ninayo, nimeikunja ndani ya kamusi kwenye herufi M.

Wewe wa Nachingwea, nitumie sentensi 3 zenye neno maizi, ulizotunga mwenyewe. Nitazisoma kabla ya Ijumaa.