Kinga ya mwili na siku ya kujifungua

Nilipoandika kuhusu uchungu wa uzazi, wengi mliniuliza kinga ya mwili inaingiaje humo. Nimechagua maswali matano.

Shikamoo Bi Mkunga. Nina mimba ya wiki 38, ya kwanza. Siku zote nimeambiwa uchungu huletwa na homoni. Sasa nasikia eti ni kinga ya mwili. Nishike lipi?

Marahaba mwanangu. Shika yote mawili. Miezi yote hii homoni ya projesteroni imeutuliza mfuko wako wa uzazi usikaze. Mimba ikikomaa, chembe nyeupe za damu, hasa nyutrofili na makrofaji, humiminika kwenye ukuta wa mfuko huo, kwenye mlango wake na kwenye utando unaoshika maji ya chupa. Huko hutoa kemikali za namna ile ile inayofanya kidonda kivimbe na kuuma. Kemikali hizo huchochea prostaglandini zitengenezwe kwa wingi, na prostaglandini ndizo zinazoikaza misuli.

Hapa wengi hukosea: kwa binadamu, projesteroni haishuki katika damu kabla ya uchungu kuanza. Ipo pale pale, ila misuli imeacha kuisikiliza, na kemikali za kinga ni sehemu ya sababu. Wakati huo huo misuli huongeza vipokezi, yaani sehemu za kupokea ujumbe, vya oksitosini, homoni inayoifanya ikaze, na seli zake huunganishwa ili zikaze kwa pamoja.

Mlango wa kizazi nao una kazi yake. Sisi wakunga hufundishwa kuupima kwa vidole: kabla ya wakati ni mgumu kama ncha ya pua, ukiiva ni laini kama mdomo. Ulaini huo huja pale nyuzi ngumu za kolajeni zinapolegezwa na vimeng'enya, vingine vikitoka kwa hizo hizo chembe za kinga, na maji yakajaa katikati ya nyuzi. Ndiyo maana mama anaweza kuumwa usiku kucha na njia isifunguke: mlango bado haujaiva.

Mtoto ni nusu ya baba yake. Mbona mwili wa mama haumkatai kama figo ya kupandikizwa? Au uchungu ndiyo kumkataa kwenyewe?

Swali la kwanza liliulizwa na mwanasayansi Peter Medawar mwaka 1953, na bado linatafitiwa. Seli za kondo la nyuma zinazogusana na mama hazibebi alama nyingi za kawaida ambazo kinga hushambulia. Badala yake zina alama ya kutuliza iitwayo HLA-G. Mama naye huongeza seli za kinga ambazo kazi yake ni kuzuia wenzake wasishambulie. Na kinga haijalala muda huo. Zipo seli zake zinazosaidia kupanua mishipa inayolisha kondo. Kwa hiyo uchungu wa wakati wake usiuite kukataliwa. Walinzi wale wale wamebadilishiwa kazi.

Nani huamua siku, mama au mtoto?

Mwaka 2004 watafiti wa Texas walionyesha kwa panya kwamba mapafu ya mtoto yakikomaa hutoa protini kwenye maji ya chupa, ikaamsha makrofaji, na uchungu ukafuata. Mapafu yaliyo tayari kwa hewa ndiyo yanayotoa taarifa! Kwangu huo ni mpango mzuri mno. Kwa binadamu hakuna kengele moja. Mtoto, kondo, utando unaochakaa na mwili wa mama vyote huchangia.

Nina wiki 24. Mkojo umeonyesha bakteria, nami siumwi popote. Nimepewa antibayotiki. Nizinywe kweli?

Zinywe, dada yangu, umalize dozi. Swali lako ndilo lililonifanya niandike leo. Kinga haitazami kalenda. Bakteria wakipanda hadi kwenye utando na maji ya chupa, chembe nyeupe huenda kupambana nao, zikitoa kemikali zile zile nilizozitaja juu. Mfuko wa uzazi hauwezi kutofautisha. Unaanza kukaza, mlango unalainika, na mtoto njiti anazaliwa kabla ya wiki 37. Bakteria wa kwenye mkojo wasiotibiwa wanaweza pia kufika kwenye figo, na maambukizi ya figo ni hatari kwa mimba.

Ukiona homa, maji yanayovuja hata kidogo, uchafu wenye harufu, damu, au tumbo linalokaza na kuachia kwa mpangilio, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Ukifika mapema kuna sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, na zinahitaji muda kufanya kazi.

Nilipimwa damu nikiwa kwenye uchungu, chembe nyeupe zikawa juu. Nilikuwa na maambukizi?

Si lazima. Kwa kawaida hupanda kwa mama wakati wa uchungu. Daktari huangalia pia homa, mapigo ya moyo na harufu ya maji.

Na kwa aliyeuliza kama anaweza kutuliza mgongo kwa ibuprofeni: hapana, hasa kuanzia wiki ya 20, ila kwa agizo la daktari. Dawa hiyo huzuia prostaglandini, na inaweza kudhuru figo za mtoto na mshipa ulio karibu na moyo wake. Uliza kuhusu parasetamoli. Lakini kama kliniki imekuandikia aspirini ya dozi ndogo kuzuia kifafa cha mimba, hiyo ni habari nyingine, usiiache.