Reli ndogo ya chumbani: anza na ya Bububu, SGR itakungoja

Waalaikum salaam ndugu yangu wa Fuoni. Umesema una chumba kitupu cha mita 3 kwa 2.5, mjomba kakuletea sanduku la treni za mfano la Hornby kutoka Uingereza, na unataka kutengeneza SGR yenye milima, daraja, njia mbili za kuzunguka na stesheni ya Dodoma. Unauliza uanze wapi. Mchangiaji aliyenitangulia kakwambia kanunue plaiwudi ya futi 4 kwa 8, uzungushe reli, umemaliza. Mimi mambo haya nimo siku nyingi, na kwa hili nakupinga wewe na yeye pia, mniwie radhi.

Kabla hujagusa reli, iulize treni yenyewe. Inatoka wapi? Inakwenda wapi? Inabeba nini? Ikifika mwisho wa njia, kichwa kinapita wapi hata kirudi mbele ya mabehewa? Ukiwa na majibu ya hayo, mchoro umeshaupata nusu. Usipokuwa nayo utaishia kwenye duara, na duara linachosha haraka. Siku za mwanzo majirani watakuja kutazama, baadaye watabaki watoto, halafu juu ya meza patawekwa nguo za kupiga pasi.

Sasa hiyo SGR yako tuipigie hesabu. Behewa la kisasa la abiria, tuseme lina mita 25. Kwa skeli ya HO, yaani 1:87, kila kitu kimepunguzwa mara 87, ni karibu sentimita 29. Seti ya EMU, ile treni ya umeme inayojiendesha bila kichwa cha kuivuta, inayokwenda Dodoma ina mabehewa manane. Zidisha mwenyewe: mita 2 na sentimita 30 za treni, na ukuta wako mrefu kuliko wote ni mita 3. Treni itakuwa haijaondoka Dar na pua iko Dodoma. Mabehewa marefu namna hiyo pia hayapendi kona kali. Kona za kwenye sanduku zina nusu kipenyo cha sentimita 37 mpaka 44 hivi, na hata kama behewa litapita, litatoa kiwiliwili nje ya reli, uso utazame huku na mgongo kule. Na ukitaka njia moja ipite juu ya nyingine, unahitaji kama sentimita 8 kutoka reli ya chini mpaka ya juu. Mwinuko unaovumilika ni sentimita 2 kwa kila mita. Kwa hiyo mita 4 za kupanda, na mita 4 nyingine za kushuka. Nyaya za juu za umeme bado sijazigusa.

Simaanishi SGR ni wazo baya. Geji yake, yaani nafasi kati ya reli mbili, ni milimita 1435, na reli ya kawaida ya HO yenye milimita 16.5 inalingana nayo sawasawa. Siku ukipata ukumbi, jenga. Ila chumba cha Fuoni nacho kina haki yake, na haki yake ni njia fupi.

Na njia fupi tunayo ya kwetu, wala huhitaji kuvuka bahari kuitafuta. Unguja ilikuwa na reli kabla Mjerumani hajaanza kujenga ile ya Tanga mwaka 1893. Sayyid Barghash alitandika moja ya kwenda kwenye kasri yake ya Chukwani. Ilianza kwa kuvutwa na nyumbu, wale chotara wa punda na farasi, baadaye kikaja kichwa kidogo cha mvuke, na alipofariki mwaka 1888 ikafa naye. Halafu ikaja reli ya Bububu, iliyojengwa na kampuni ya Arnold, Cheney ya New York na kufunguliwa mwaka 1905. Geji yake ilikuwa futi 3, urefu kama kilomita 11. Ilianzia Ngome Kongwe, ikajipenyeza Malindi ikipita karibu kabisa na kuta za nyumba, kisha ikashika pwani kwenda kaskazini. Magari na barabara vikaja kuipokonya abiria katika miaka ya 1920, ikabaki kubeba mawe kwa muda, kisha ikang'olewa.

Tazama ilivyokaa kama iliyochorwa kwa ajili ya chumba kidogo. Ina mwanzo na mwisho. Treni yake ni kichwa kifupi na mabehewa mafupi matatu, manne. Upande mmoja bahari, ambayo ni rangi tu ukutani, upande wa pili minazi. Na ina kazi mbili tofauti, abiria na mawe, kwa hiyo kila ukikaa kuiendesha una jambo la kufanya.

Kilomita 11 kwa skeli ya sanduku lako, OO, yaani 1:76 juu ya reli hizo hizo za milimita 16.5, ni kama mita 145. Kwa hiyo utafupisha bila huruma. Chagua vituo vitatu tu. Mimi ningechukua Ngome, Marahubi na Bububu. Kasri ya Marahubi iliungua mwaka 1899, kwa hiyo wakati wa reli hiyo yalikuwa yameshakuwa magofu, na safu za nguzo zisizobeba kitu ni rahisi kutengeneza kuliko nyumba nzima ya Mji Mkongwe yenye baraza na roshani.

Umbo liwe herufi L, ukutani. Ukuta mmoja mita 3, wa pili mita 2, upana wa ubao sentimita 40. Pale kwenye pembe ongeza kipande cha pembetatu ili kona ipate nafasi. Ukiweka meza ya futi 4 kwa 8 katikati ya chumba hicho utapita kwa ubavu, na behewa likianguka upande wa ukutani hulifikii. Chochote kilicho mbali zaidi ya sentimita 70 na mkono wako kihesabu umeshakipoteza. Urefu kutoka sakafuni uwe wa kifua, kama sentimita 120, maana treni ikitazamwa kutoka juu ni kitu cha kuchezea, lakini ikikaribia usawa wa macho inakuwa treni. Faida nyingine ni paka. Paka wa Unguja hana adabu na reli.

Ngome weka njia ya pembeni yenye pointi mbili, yaani pale reli inapogawanyika, ili kichwa kizunguke mabehewa. Bububu vilevile. Katikati pointi moja ya kuingia kwenye machimbo ya mawe. Jumla pointi tano, zinatosha. Muhimu ni hiyo njia ya pembeni iwe ndefu kuliko treni yako nzima, na mbele ya pointi ya mwisho pabaki nafasi ya kichwa kusimama. Usipimie macho. Iko programu ya bure ya kuchora, XTrackCAD, lakini hata hiyo nakuomba uithibitishe kwa kuzipanga reli zenyewe sakafuni na kusukuma mabehewa kwa mkono.

Najua atatokea mjuzi hapa aseme reli za sanduku ni pana mno kwa Bububu. Ni kweli. Milimita 16.5 kwa 1:76 zinakupa kama futi 4 na inchi moja na nusu, si futi 3. Anayetaka usahihi atumie reli ya milimita 12, ambayo kwa 1:76 inatoa futi 3 kamili. Kwa layauti ya kwanza, yaani mpangilio wako wa kwanza wa reli, tumia ulichonacho. Ukishajua kulehemu na kutega pointi, ndipo uhangaike na milimita.

Sasa niseme kwa kirefu jambo ambalo video za Wazungu hazitakwambia, kwa sababu wao wanaishi na hita na sisi tunaishi na chumvi. Adui yako ni unyevu. Plaiwudi ipake rangi pande zote, hasa kingo, kabla hujaweka hata msumari. Ile sehemu ya chini ambayo haionekani ndiyo inayonywa maji ya hewa mwezi wa Aprili, ubao ukavimba, na pointi iliyokuwa inafunga vizuri ikaanza kuacha mwanya. Mbao za fremu zisiwe mbichi. Fundi seremala atakwambia mvinje huu umekauka. Mwambie sawa, kisha uukalishe chumbani wiki kadhaa kabla hajaukata.

Halafu chukua sumaku, hata ile ya mlango wa friji, uguse reli za sanduku. Sumaku ikishika, hizo ni reli za chuma, na kwa pwani yetu zitapata kutu. Isiposhika, kuna uwezekano mkubwa ni nikeli silva, aloi isiyopata kutu kama chuma, nazo zinadumu. Reli za chuma bado unaweza kufanyia mazoezi, ila usizigandishe moja kwa moja. Kusafisha, kitambaa cha pamba na spiriti ya duka la dawa kinatosha. Msasa usiupeleke karibu, unachora mistari na uchafu unapata pa kukaa.

Kokoto. Mchanga wa pwani unafaa sana, mweupe, wa kwetu, lakini umejaa chumvi. Uoshe kwa maji baridi mara kadhaa, uanike juani, uuchuje kwa chujio la chai, upate punje za ukubwa mmoja. Mwaga kidogo kidogo katikati ya mataruma, usawazishe kwa brashi, kisha uulowanishe kwa maji yenye tone la sabuni ya vyombo. Baadaye gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji, uidondoshe kwa bomba la sindano. Bila ile sabuni, gundi hukaa juu kama shanga na haizami. Kwenye pointi acha sentimita chache bila gundi kabisa, maana tone moja likiingia kwenye ulimi wa pointi, haitacheza tena.

Vilima na miamba nenda ferini au sokoni uombe maboksi meupe ya foam ya kubebea samaki. Yaoshe mpaka harufu itoke, la sivyo hao paka watapanda hata mita mbili. Yakate kwa kisu kikali, uyabandike kwa gundi ya mbao. Gundi ya viatu na supa gluu zinaila foam hivi hivi unaona. Juu yake paka unga wa jipsam, uukwaruze kwa mswaki wa zamani kabla haujakauka sawasawa, upate yale matundu ya jiwe la matumbawe. Mnazi: sokota nyaya nyembamba za shaba uzipake rangi ya kijivu, makuti ni unyoya wa kuku uliotiwa rangi ya kijani na kukatwa kwa mkasi kufuata mshipa. Kifuu, usumba, vumbi la mbao, vyote vina kazi, usivitupe.

Umeme usikutishe. Treni ya sanduku la kawaida inatumia volti 12 za DC. Kwa kuwa limetoka Uingereza, trafo yake ni ya volti 230 na plagi yake ni hii hii ya kwetu ya miguu mitatu. Anayeletewa kutoka Marekani ndiye aangalie, trafo ya volti 120 ukiichomeka hapa unaiunguza. Usitegemee viungio vya reli kupitisha umeme mpaka Bububu. Hewa yetu inavichafua. Shusha waya mbili, nyekundu na nyeusi, kila baada ya mita moja, uzilehemu ubavuni mwa reli upande usioonekana, zote zikutane kwenye waya nene mbili chini ya ubao. Nyekundu ibaki upande wa bahari mwanzo hadi mwisho na hutopata shoti. Mambo ya DCC, yaani kuendesha vichwa viwili kwa amri tofauti kwenye reli moja, yaache mpaka uwe na vichwa viwili.

Ubao wenyewe ufanye vipande viwili au vitatu vinavyofungwa kwa bolti. Hukusema kama nyumba ni yako au ya kupanga, lakini hata kama ni yako, siku akija mgeni wa kulala utashukuru.

Kabla hujakwenda kununua chochote, fungua sanduku la mjomba, upige picha reli zilizomo, kichwa kwa chini, na lebo ya trafo, uziweke hapa. Kama kichwa ni cha zamani chenye magurudumu ya kingo ndefu, kitagongagonga kwenye pointi za sasa, na itabidi tujue hilo kwanza ndipo tukwambie ununue pointi za aina gani.