Jibu: Breki kubwa za mbele, Golf Mk2 (Volkswagen Golf ya kizazi cha pili)

Mkuu, umesema diski zako za mbele ni za milimita 239 na gari linachelewa kusimama ukiteremka mlima. Zinazoingia bila kuchonga chochote ni za 256, zenye matundu ya hewa katikati, zilizofungwa kwenye Golf GTI 16V, ile ya michezo yenye valvu 16. Chukua pamoja na kalipa (kifaa kinachobana diski) na breketi zake za kuishikilia. Zile 280 za G60, Golf yenye supachaja, zinadai rimu ya inchi 15, gharama nyingine hiyo.

Ila kabla ya kununua, badili mafuta ya breki, weka mapya ya daraja la DOT 4, na ukague mipira inayopitisha mafuta hayo hadi kwenye magurudumu. Yangu ilikuwa imevimba kwa ndani. Nilipoibadilisha, pedali ikawa imara, haizami tena, hamu ya diski ikaniisha.