Farasi wa mume anatangulia, wangu anabaki nyuma

Dada, umeuliza mfanyeje, maana farasi wa mumeo ana hatua ndefu, wako anasalia nyuma kisha anakurupuka kumfikia, na matembezi yanageuka vita vya hatamu. Wala farasi wako si mkaidi. Farasi ni mnyama wa kundi. Akiona mwenzake anatokomea, anaogopa kuachwa.

Mimi ningeanza hapa: wewe utangulie. Mwenye mwendo wa taratibu ndiye apange mwendo, na mumeo abaki nyuma yako angalau nafasi ya urefu wa farasi mmoja, kwani akisogea mno farasi wake anaweza kupigwa teke. (Waume wengine hununa hapa. Atazoea.) Njia ikiwa pana, nendeni sambamba mpige soga, si ndicho mlichokifuata?

Mkifika kwenye maji, asiondoke mmoja kabla mwingine hajamaliza. Farasi akiona mwenziwe anaondoka, anaweza kuacha kunywa hata kama ana kiu. Wakati wa kupanda pia, mumeo asubiri mpaka uketi vizuri kwenye tandiko. Baada ya dakika 10 hivi kagueni tena mkanda wa tumboni mwa farasi unaoshikilia tandiko, mara nyingi huwa umelegea.

Mtihani wenyewe uko njiani kurudi, kwa sababu farasi wote wawili watataka kuongeza mwendo. Msikubali shoti. Kilomita ya mwisho iwe ya kutembea tu. Mkiweza, shukeni muwaongoze kwa miguu.