Huko mfereji husafishwa na nani?

Mama,

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya mwisho kwa sauti ili mama yako asikie akiwa jikoni. Umeuliza jambo moja: ukiacha kazi hapo Chengdu, Uchina, ukahamia moja kwa moja kwa wale Watao, wafuasi wa dini ya kale ya huko, wenye mashamba chini ya mlima Qingcheng, sisi huku tutakuhesabu umepotea? Mama yako alijibu palepale, na jibu lake atakuandikia mwenyewe. Mimi nimebaki na swali jingine, nalo ndilo linaloninyima usingizi. Huko mfereji wa maji husafishwa na nani?

Usikasirike. Najua utasema Baba ameanza tena na mfongo wake, huu mfereji wetu wa maji. Ndiyo, nimeanza. Nimewaambia tangu mko wadogo kwamba mtu humjui mpaka mmezibua mfongo pamoja, matope yamewafika magotini, na sijaona bado cha kunifanya nilibadili neno hilo.

Nimefurahi kwamba unalala. Hilo nilipaswa kulitanguliza. Mwaka jana uliponipigia simu, huko ikiwa saa nane za usiku nawe bado uko ofisini, sauti yako ilikuwa kama ya bibi yako siku zake za mwisho. Sasa unaandika kwamba unaamka na jogoo, mnapalilia mboga, mnachuma chai, na jioni wale watawa wenye nywele zilizofungwa fundo utosini wanasoma maandiko yao, nawe unakaa tu ukisikiliza na kifua hakikubani tena. Namshukuru Mungu kwa hilo, na ninaposema Mungu nasema yule yule wa usharika wetu. Kama ni yeye aliyekukuta huko, sitamwekea mipaka.

Lakini ukurasa nilioushika sana ni ule wa Dujiangyan, mifereji yao ya kale ya kumwagilia. Kwamba yapata mwaka 256 kabla ya Kristo, gavana aitwaye Li Bing aliugawa mto Min bila kuujengea ukuta. Mawe yalitiwa kwenye vikapu virefu vya mianzi, yakapangwa yakawa kama mdomo wa samaki katikati ya maji, mkono mmoja wa mto ukaenda zake na mafuriko na mwingine ukaingia mashambani, na mpaka leo mfumo huo unamwagilia zaidi ya hekta laki 6. Mwenyekiti wa mfongo nilimsomea sehemu ile ya vyuma vilivyozikwa chini ya mto. Maji yanapopungua watu wanazoa mchanga mpaka wavifikie vyuma, wasiishie juu yake. Alikaa kimya, kisha akasema, "Hao ni watu wetu." Na hekalu la Li Bing na mwanawe, pale juu ya mto, ni la hao hao Watao wako! Watu wanaomfukizia ubani mchimba mfereji siwezi kuwadharau.

Sasa nikuambie jambo unalolijua nusu. Yale masale, ile mimea ya majani marefu kwenye kona ya mfongo, chini ya kihamba, shamba letu la nyumbani, uliyokuwa ukianikia sare za shule, hujui yalifikaje pale.

Ilikuwa kabla hujazaliwa. Nilikuwa karani mjini Moshi, nimeokoka, nina moto. Masika ya mwaka ule yalibomoa banio letu, pale maji yanapoingilia mfongo, kule korongoni, babu yako akatuma mtu aniite: msaragambo, kazi ya pamoja, Jumamosi, kila nyumba itoe mwanamume mwenye nguvu. Mimi tayari nilikuwa nimepanga na kikundi cha maombi kupanda msituni siku tatu, kutafuta utulivu. Nikapanda. Na utulivu niliupata, mwanangu. Alfajiri ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye magome ya miti, mbega wakaanza kuunguruma, mmoja huku, mwingine ng'ambo ya bonde, nami nikalia bila kujua nalilia nini. Nilihisi nimeoshwa ndani.

Jumamosi jioni nikashuka naimba. Njiani nikakutana na wanaume wa mtaa wetu wanatoka korongoni, machepe mabegani, tope limewakaukia miguuni. Walinipisha njia. Hakuna aliyenisalimia.

Nyumbani nilimkuta babu yako amekaa kwenye kigoda, miguu ndani ya karai la maji ya moto. Ilikuwa imekuwa myeupe kwa baridi, na ukucha wa kidole gumba haupo. Alikuwa ameshapita miaka sitini, akaenda kubeba mawe mahali pangu. Na aliyeinama akimwosha ile miguu ni jirani yetu wa juu, yule tuliyekuwa naye kwenye kesi ya mpaka miaka minne. Nilisubiri nigombwe. Babu yako aliniangalia, akaniuliza kama nimekula.

Sijawahi kupigwa na neno zaidi ya lile.

Kesho yake asubuhi nikamletea jani la sale nimelifunga fundo, kama tunavyoombana msamaha. Alilishika, akaligeuza, akasema, "Jani hili litakauka. Kakate fimbo." Nikakata fimbo mbili za sale. Akachechemea nami mpaka pale ukingo wa mfongo ulipomeguka, akanionyesha kwa bakora yake pa kuchomeka, ili mizizi ije ishike udongo. Basi. Hatukulizungumza tena mpaka anaondoka duniani.

Sasa nikisema amani yangu ya msituni ilikuwa ya bure, nitakuwa nadanganya. Mpaka leo nikizidiwa nawakumbuka wale mbega. Na babu yako mwenyewe, kila zamu yake ya maji, alikwenda kukaa kwenye mfongo nusu saa nzima kabla ya kuyafungulia, hasali, haongei, anaangalia tu maji yanavyopita. Hilo la kutoyalazimisha mambo unalofundishwa sasa na mwalimu wako, babu yako hakufundishwa na mtu. Kwa hiyo sina haki ya kukukataza kukaa kimya. Ila yeye akishainuka pale alishika chepe.

Ndiyo maana nilisimama kabisa niliposoma ulichoandika kuhusu Zhang Lu, mjukuu wa yule Zhang Daoling aliyeianzisha njia yao: kwamba kwa hao Watao wa zamani, aliyekuwa na kosa dogo alitengeneza hatua 100 za barabara na kosa lake likaisha, na kwamba kando ya barabara waliweka nyumba zenye chakula, mpita njia ale kinachomtosha. Hao ningeishi nao hata mimi. Lakini hao unaoishi nao ni wale? Umeandika "tunalima." Picha ulizotuma ni saba, nimezitazama kwa miwani. Anayeshika jembe katika zote ni yule bibi mwenye kofia ya mianzi. Ninyi mmeshika vikombe. Ni nani yule? Analipwa? Anakula nanyi meza moja? Akiugua, ni nani kati yenu atamchemshia maji?

Labda namwonea mtu ambaye simjui. Labda picha ilipigwa saa ya kupumzika, na nyote mna malengelenge mikononi. Hapa nilikuwa nimeandika neno langu la mwisho, mstari mzima, mama yako akausoma begani kwangu akasema niache, wewe ni mtu mzima. Nimeukata. Ukiinua karatasi kwenye mwanga unaweza kuusoma, lakini nakuomba usifanye hivyo.

Nijibu kuhusu yule bibi. Na utume picha ya mfereji, mlima nimeshauona.

Kahawa imeiva vizuri upande wa chini, tutachuma wiki ijayo. Kwenye daftari la mfongo jina lako bado lipo, tangu nilipokukatia kile kipande cha kihamba, na hatua zako sita huwa nazizibua mimi. Mwenyekiti aliniuliza mwezi uliopita kama alifute. Nimemwambia asubiri.

Baba yako