Bei niliyoitaja siku ya nne ya msiba

Marehemu baba aliacha mashua moja, iliyoundwa Matondoni, kijiji cha mafundi wa vyombo hapa Lamu, yenye viraka viwili ubavuni na mpini wa usukani uliolainika kwa viganja vyake. Ndugu zangu walikubaliana niiuze mimi, pesa tugawane kwa mafungu ya mirathi. Hakuna aliyenihimiza. Siku ya nne, watu wameshatawanyika, akaja bwana mmoja barazani, akanipa pole, akanywa kahawa kikombe kimoja, kisha akaniuliza nataka kiasi gani. Nikamtajia laki moja na nusu. Akakubali pale pale. Mnunuzi wa hapa Lamu asipovuta bei, ujue bei uliyotaja si yenyewe.

Dada yangu alipopata habari aliniuliza swali moja tu: "Kaka, umeuza mashua ama umeuza mbao?" Baadaye fundi mmoja aliniambia yeye asingeiachia chini ya laki nne.

Kwa muda mrefu niliamini nimedhulumiwa. Lakini yule bwana hakunidanganya neno. Mimi ndiye niliyekuwa siwezi kupita pwani asubuhi, maji yametoka, nikaiona imelala ubavu na tanga limekunjwa vile vile alivyolikunja baba. Nilitaka iondoke machoni pangu. Na usiku wa kuamkia siku ile akili iliniletea mabaya tu ya chombo kile: foromali, ule mti wa tanga, ilivyovunjika mbele ya Shela wakati wa upepo wa Kusi, pesa za kalafati, za kuziba nyufa za mbao, zilizotutoka. Haikunikumbusha hata mara moja kwamba karo yetu sote ilitoka mle. Mwanasaikolojia wa Marekani, Gordon Bower, alieleza jambo hili mwaka 1981: mwenye huzuni hukumbuka upesi yanayofanana na huzuni yake. Basi unadhani unapima mazuri na mabaya, kumbe mizani imeshawekewa jiwe upande mmoja.

Kilichonifungua macho zaidi ni utafiti wa mwaka 2004 wa mwanasaikolojia Jennifer Lerner na wenzake wawili. Waliwaonyesha watu kipande cha filamu ya kuhuzunisha, kisha wakawauliza bei ya kalamu za rangi, kitu kisichohusiana na filamu ile hata kidogo. Walioambiwa wauze walitaka bei ndogo kuliko wengine, na walioambiwa wanunue walikuwa tayari kutoa zaidi. Maelezo yao ni kwamba huzuni humsukuma mtu abadilishe hali yake: alichonacho akiache, asichokuwa nacho akipate. Niliposoma hapo niliweka simu chini. Simu yenyewe niliinunua wiki ile ile ya msiba, kwa fungu langu la pesa za mashua, na ya zamani ilikuwa nzima.

Hasira ina njia yake nyingine. Lerner huyo huyo, pamoja na Dacher Keltner, walionyesha mwaka 2001 kwamba mwenye hofu huiona hatari kubwa, na mwenye hasira huiona ndogo. Sisi tumelisikia hili misikitini tangu utotoni: Mtume, rehema na amani zimshukie, alimkataza kadhi kuhukumu baina ya watu wawili akiwa na hasira. Zamani nilidhani katazo lile ni la makadhi. Sasa naona kila anayejibu ujumbe wa mpangaji, wa shemeji au wa mteja anahukumu.

Dawa ninayoitumia mimi ni ndogo, na inatokana na utafiti wa mwaka 1983 wa wanasaikolojia Norbert Schwarz na Gerald Clore. Waliwapigia watu simu, wengine siku ya jua na wengine siku ya mvua, wakawauliza wanaridhika vipi na maisha yao. Wa siku ya mvua walijibu vibaya zaidi. Lakini walipoulizwa kwanza kuhusu hali ya hewa, tofauti ile ilitoweka. Ilitosha mtu akumbushwe kuwa nje kuna mvua, asiichanganye na maisha yake. Kwa hiyo kabla ya kutaja bei au kutoa jibu zito, naisema hali yangu kwa sauti, na namwambia mtu: nina huzuni, nina njaa, sijalala. Furaha pia naisema, kwa sababu usiku wa harusi nimewahi kuahidi mkopo ambao asubuhi sikuwa nao.

Sisemi tuzizime hisia. Daktari Antonio Damasio alisimulia kuhusu mgonjwa wake aliyeumia sehemu ya ubongo inayounganisha hisia na maamuzi. Akili yake ilikuwa timamu, lakini alipopewa siku mbili achague ya kurudi hospitali, alizilinganisha karibu nusu saa na hakuweza kuamua.

Mwezi uliopita nilitoka shambani nimegombana na mtunza minazi. Njiani kulikuwa na mtu ambaye kwa miaka miwili amekuwa akilitaka shamba lile. Nikamwambia nitampigia. Nilipofika nyumbani nikamwambia mke wangu, "Leo nina hasira."

"Basi usimpigie mtu," akasema. "Oga, ule, ulale."

Asubuhi nilimpigia mtunza minazi.